Ustawi Ulitangulia Siasa: Maisha ya Bibi Titi Mohamed na Nafasi ya Wanawake wa Tabaka la Chini Katika Siasa za Pwani ya Tanzania hadi Msimbati

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano kati ya vyama vya kusaidiana vya wanawake na siasa katika pwani ya Tanzania kwa kufuatilia maisha ya Bibi Titi Mohamed (1926–2000), kiongozi wa kwanza wa wanawake katika TANU na mwenyekiti wa kwanza wa UWT. Hoja kuu ni kwamba nguvu yake ya kisiasa ilitokana na mtandao wa ustawi ambao wanawake wa tabaka la chini walikuwa wameujenga wenyewe kabla ya chama kuzaliwa. Mtandao huo ulipoingizwa ndani ya chama na dola baada ya uhuru, wanawake walipata viti lakini walipunguziwa uwanja wao wenyewe wa kuamua. Sehemu ya mwisho inaipeleka hoja hii Msimbati, Mtwara, ambako hifadhi ya bahari na gesi asilia vimelirudisha swali hilo katika ngazi ya kijiji.

1.0 Utangulizi

Historia ya kudai uhuru wa Tanganyika ilisimuliwa kwa muda mrefu kama historia ya watu wenye kalamu: walimu, makarani, viongozi wa ushirika na wahitimu wa vyuo. Mwanamke alipotajwa, alitajwa kama mshangiliaji wa mkutano au mpishi wa wageni wa chama. Kazi ya Susan Geiger ya mwaka 1997 kuhusu wanawake wa TANU, iliyojengwa juu ya masimulizi ya maisha yao, iliutikisa mtazamo huo. Geiger alionesha kwamba wanawake wa makamo, wengi wao Waislamu wa mijini waliokuwa na elimu ndogo ya shule au wasiokuwa nayo kabisa, hawakuupokea utaifa ukiwa umekamilika. Walishiriki kuuumba, kwa kuwa katika maisha yao ya kila siku walikwisha kuvuka mipaka ya kabila na ukoo.

Makala haya yanaikubali hoja hiyo na kuisogeza mbele kwa swali jingine: mtandao uliowabeba wanawake hao hadi kwenye siasa ulikuwa na hali gani baada ya ushindi? Swali hili lina uzito kwa sababu sera za leo kuhusu ushiriki wa wanawake hupimwa zaidi kwa idadi ya viti. Endapo viti vyenyewe hutegemea uwanja mwingine ulio nje ya ukumbi wa baraza, basi kuhesabu viti bila kuuchunguza uwanja huo ni kuhesabu matawi na kuusahau mzizi.

Msimbati, katika rasi inayoikumbatia Ghuba ya Mnazi kaskazini ya mlango wa Mto Ruvuma, imechaguliwa kuwa mahali pa kuipima hoja hii. Bibi Titi hakuwa mtu wa Msimbati, wala haidaiwi hapa kwamba alijenga chama huko. Sababu za uchaguzi ni mbili. Kwanza, pwani ya kusini ina mambo mengi ya pamoja na ile ya Dar es Salaam na Rufiji: dini ya Kiislamu, ngoma, unyago na desturi ya wanawake kuchangiana. Pili, tangu mwaka 2000 wakazi wa Msimbati wamejikuta mbele ya maamuzi makubwa ya dola kuhusu bahari na gesi, na maamuzi hayo yanagusa moja kwa moja kazi za wanawake.

2.0 Dar es Salaam ya Wanawake wa Uswahilini

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926 katika familia ya Kiislamu yenye asili ya Rufiji. Alisoma shule ya msingi kwa miaka michache, akaolewa angali msichana mdogo, na baadaye akaachika na kuolewa tena. Mumewe wa wakati wa kuanza kwa TANU alikuwa dereva wa teksi. Hakuwa na cheo serikalini, hakuwa na mshahara, wala hakutoka katika ukoo wa watawala. Kwa kila kipimo cha utawala wa kikoloni alikuwa mwanamke wa kawaida wa mitaa ya Waafrika.

Mitaa hiyo ilikuwa ikikua kwa kasi baada ya Vita Kuu ya Pili. Wahamiaji kutoka bara na kutoka pwani ya kusini walikuja kutafuta kazi bandarini, katika nyumba za Wazungu na Wahindi, na katika biashara ndogondogo. Mgomo ulioanzia bandarini mwaka 1947 ulidhihirisha ugumu wa maisha ya wafanyakazi. Ugumu huo mwanamke aliuonja nyumbani: ujira wa mume haukutosha, kodi ya chumba ilidaiwa, mtoto aliugua, maiti ilihitaji sanda. Serikali ya kikoloni haikuwa na mfuko wa kumsaidia. Alichokuwa nacho ni wenzake.

Vyama vya ngoma, hasa vya lelemama, vilikuwa jibu mojawapo la hali hiyo. Mtu wa nje aliviona kuwa ni burudani ya arusi na sikukuu. Kwa wanachama, vilikuwa zaidi ya hapo. Chama kilikuwa na viongozi, mweka hazina, sare, ada na utaratibu wa kuadhibu aliyekwenda kinyume. Kilimzika mwanachama, kilimtunza bibi arusi, kilimchangia aliyefiwa na kumtembelea mgonjwa. Aidha, kiliwakutanisha Mzaramo, Mndengereko, Mmanyema, Mmakonde na Myao katika daftari moja la michango, kwa lugha moja ya Kiswahili. Mwanamke aliyekiongoza chama cha namna hiyo alijifunza kuita mkutano, kusuluhisha ugomvi, kutunza fedha za watu na kusema mbele ya hadhara. Bibi Titi, mwimbaji kiongozi wa kikundi cha Bomba, alipata elimu yake ya uongozi katika shule hiyo.

3.0 Kutoka Bomba hadi TANU

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 kutokana na TAA. Ilianza na udhaifu mmoja mkubwa. Waraka wa serikali wa mwaka 1953 ulikuwa umewakataza watumishi wa serikali kujiunga na vyama vya siasa, na hivyo sehemu kubwa ya Waafrika waliosoma ilifungwa mikono. Katika hali hiyo, watu wasiokuwa na ajira ya serikali ya kupoteza walipata umuhimu mpya: wenye maduka madogo, madereva, wakulima na wanawake. Kile ambacho utawala ulikihesabu kuwa upungufu wa mwanamke, yaani kutokuwa na shule wala kazi ya ofisini, kiligeuka kuwa uhuru wake wa kutenda.

Bibi Titi na mumewe walikuwa miongoni mwa wanachama wa mwanzo kabisa, na kadi yake ilikuwa namba 16. Katikati ya mwaka 1955, John Hatch wa Chama cha Labour cha Uingereza alipoitembelea TANU, aliuliza wanawake wa chama wako wapi. Swali hilo liliharakisha kuundwa kwa kitengo cha wanawake, na Bibi Titi akachaguliwa kukiongoza. Kufikia Oktoba mwaka huohuo, Oscar Kambona, aliyekuwa katibu mkuu wa TANU, aliandika kwamba Bibi Titi alikuwa amekwisha kuandikisha wanawake 5,000.

Idadi hiyo haiwezi kuelezwa kwa kipaji cha kuzungumza peke yake, ingawa kipaji hicho kilikuwepo. Katika miezi michache, mtu mmoja hawezi kuwafikia na kuwashawishi wanawake 5,000 mmoja baada ya mwingine. Alichofanya Bibi Titi ni kuwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma. Kiongozi akikubali, kikundi kilikuja pamoja naye, kwa sababu tayari kilikuwa na mazoea ya kuitikia mwito, kutoa ada na kuaminiana. Kwa lugha ya leo, chama cha siasa kilikopa miundombinu ya chama cha ustawi.

Mkopo huo ulikuwa na manufaa ya aina tatu. La kwanza lilikuwa la fedha. Wanawake waliuza kadi, walichanga na kuandaa shughuli za kukusanya pesa, na mchango wa hadhara ulikuwa jambo walilolizoea. La pili lilikuwa la mawasiliano. Habari ilipita katika arusi, misiba na visima, mahali ambapo mkusanyiko wa wanawake haukumshtua polisi. Nyerere alipopigwa marufuku kuhutubia mikutano ya hadhara mwaka 1957, njia kama hizo zilizidi kuwa na thamani. La tatu lilikuwa la maana. Mtu aliyesikia neno uhuru kutoka kwa mwanamke aliyemzika mama yake alilisikia kama ahadi ya mtu anayemfahamu. Neno hilo lilikuja likiwa na dhamana.

Ni muhimu kusisitiza kwamba Bibi Titi hakuwa peke yake. Tatu binti Mzee alikuwa pamoja naye katika uongozi wa wanawake tangu mwanzo, na wanawake wengine walifanya kazi hiyohiyo katika miji ya mikoani. Kumchukua Bibi Titi kama mfano hakumfanyi kuwa shujaa pekee. Kunasaidia kuonesha utaratibu uliowafanya wengi wao wawezekane.

4.0 UWT: Ushindi na Gharama Yake

Kabla ya uhuru palikuwapo aina nyingine ya ustawi wa wanawake. Baraza la Wanawake la Tanganyika, lililoasisiwa na wanawake wa tabaka la juu wa Kizungu miaka ya 1950, pamoja na vilabu vya wanawake vilivyosimamiwa na idara ya serikali ya maendeleo ya jamii, vilifundisha ushonaji, upishi na usafi wa nyumba. Ustawi huo ulitoka juu kwenda chini. Mwanamke alifundishwa alichokosa, na mara chache aliulizwa alichokuwa nacho. Vyama vya ngoma vilisimama upande wa pili: ustawi wa wenyewe kwa wenyewe, ambao ndani yake mpokeaji wa leo alikuwa mtoaji wa kesho.

Mwaka 1962 iliundwa UWT, na Bibi Titi akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Umoja huo ulikusudiwa kuwaleta wanawake wote wa nchi chini ya paa moja. Yeye mwenyewe alikuwa mbunge wa Rufiji na waziri mdogo aliyehusika na maendeleo ya jamii. Kwa mwanamke aliyetoka katika kikundi cha ngoma, hatua hiyo ilikuwa kubwa. Vilevile, haitakuwa haki kuisoma historia ya UWT kama hasara tupu. Umoja ulifika vijijini ambako hakuna chama cha ngoma cha Dar es Salaam kilichowahi kufika, ulisukuma elimu ya watu wazima na malezi ya watoto wadogo, na ulikuwa sehemu ya mjadala uliozaa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971.

Hata hivyo, muundo ulibadilika. Katika kikundi cha ngoma, kiongozi aliwajibika kwa waliomchangia. Katika jumuiya ya chama tawala, kiongozi aliwajibika pia, na mara nyingi zaidi, kwa ngazi iliyo juu yake. Mabadiliko haya hayakuwahusu wanawake pekee. Mwaka 1964 shirikisho la vyama huru vya wafanyakazi lilivunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na NUTA, iliyofungamana na serikali. Dola changa iliona umoja kuwa sharti la maendeleo, na ilitafsiri umoja kuwa ni jumuiya moja kwa kila kundi.

Mwaka 1965, katika uchaguzi wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja, Bibi Titi alikishindwa kiti cha Rufiji. Mwaka 1967 Azimio la Arusha liliwakataza viongozi kumiliki nyumba za kupangisha, naye akajiuzulu katika uongozi wa juu wa chama. Tukio hili limezoeleka kuelezwa kama mgongano kati ya ujamaa na tamaa ya mali. Maelezo hayo yanasahau kwamba kwa mwanamke wa mjini asiyekuwa na shule, pensheni wala uhakika wa ndoa, nyumba ya kupangisha ilikuwa bima ya uzee. Sharti lilelile lilimkuta msomi mwenye mshahara na mwanamke asiyekuwa nao wakiwa mahali tofauti kabisa. Hilo halilifanyi Azimio kuwa kosa. Linaonesha kwamba kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya wote haikupimwa kwa maisha ya tabaka ambalo Bibi Titi alitoka.

Oktoba 1969 alikamatwa, na mwaka uliofuata akashtakiwa kwa uhaini pamoja na wengine, akiwamo Michael Kamaliza, kiongozi wa zamani wa NUTA na aliyewahi kuwa waziri. Mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 akaachiwa kwa msamaha wa rais. Makala haya hayajadili upya ushahidi wa kesi hiyo. Kinachohusika hapa ni matokeo yake katika kumbukumbu ya taifa: kwa takribani miaka 20 jina la mwanamke aliyekuwa maarufu kuliko wote katika harakati za uhuru lilififia katika simulizi rasmi. Mwaka 1991, katika maadhimisho ya miaka 30 ya uhuru, alianza kutajwa tena hadharani kama shujaa. Alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000. Leo barabara kubwa ya katikati ya Dar es Salaam ina jina lake.

Kwamba tatizo lilikuwa la muundo, na halikuwa la mtu mmoja, kulionekana tena baada ya vyama vingi kurudi. Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, liliundwa mwaka 1995 kama jukwaa huru la wanawake na lilifutiwa usajili mwaka 1997. Watu na nyakati zilikuwa zimebadilika, lakini wanawake waliojipanga nje ya muundo wa chama bado walitazamwa kwa shaka.

5.0 Msimbati: Pwani, Hifadhi na Gesi

Hoja iliyojengwa hadi hapa inaweza kupimwa Msimbati, mamia ya kilomita kusini ya Dar es Salaam. Wakazi wengi wa pwani hii ni Wamakonde Waislamu wanaojulikana kama Wamaraba. Kwa asili Wamakonde hufuata ukoo wa upande wa mama, na unyago wa wasichana una uzito mkubwa katika jamii. Kungwi, kama kiongozi wa lelemama, ana mamlaka ambayo hayakutolewa na serikali. Yametokana na kuaminiwa kulea watoto wa wenziwe. Kando ya unyago kuna michango ya misiba na upatu. Huo ndio ustawi uliotangulia siasa katika pwani hii.

Kazi ya mwanamke wa Msimbati imegawanyika kati ya shamba na maji. Bamvua linapokupwa, wanawake hushuka mwambani kutafuta pweza na kome, na hutanda samaki wadogo katika maji ya magoti. Mwaka 2000 eneo hili liliingizwa katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 650, chini ya sheria ya hifadhi za bahari ya mwaka 1994. Uhifadhi ulikuwa na sababu nzito, kwani uvuvi wa baruti ulikuwa ukiharibu matumbawe ya pwani hii. Lakini masharti ya kanda za matumizi na ya nyavu zenye matundu madogo hayawagusi wote kwa namna moja. Mwenye chombo anaweza kwenda kina kirefu. Mwanamke mwenye ndoo na kipande cha wavu hana bahari nyingine.

Gesi asilia, iliyogunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982 na kuanza kuzalisha umeme wa Mtwara katikati ya muongo wa 2000, iliongeza uzito wa swali hilo. Mpango wa kujenga bomba la kuipeleka Dar es Salaam ulizua maandamano mwishoni mwa mwaka 2012 na machafuko Januari na Mei 2013. Bomba lilikamilika mwaka 2015. Madai ya wananchi yalikuwa ya ustawi kabla ya kuwa ya siasa: ajira, zahanati, maji, shule, na haki ya kujua mapema kitakachofanyika katika ardhi yao.

Kisheria, mwanamke wa kijiji leo ana nafasi ambazo Bibi Titi hakuwa nazo mwaka 1955. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi. Halmashauri ya kijiji huwa na wajumbe 15 hadi 25, na angalau robo yao wanapaswa kuwa wanawake. Baraza la ardhi la kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, lina wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Halmashauri za wilaya zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Nafasi hizi ni za thamani, na makala haya hayazibezi. Maisha ya Bibi Titi yanafundisha jinsi ya kuzisoma. Mjumbe anayeingia katika halmashauri ya kijiji akiwa ametumwa na wenzake wa upatu, wa msiba au wa mwambani huingia na watu nyuma yake, na anaweza kusema hapana. Mjumbe anayeingia ili robo itimie huingia peke yake. Mikopo nayo ina sura mbili. Inaweza kukikuza kikundi ambacho tayari kipo kwa sababu wanachama wake wanahitajiana. Inaweza pia kuzaa kikundi kilichoundwa ili fomu ijazwe, ambacho fedha zikiisha nacho huisha. Swali la UWT ya mwaka 1962 limerudi katika kipimo kidogo: je, dola inauimarisha uwanja wa wanawake, au inaweka uwanja wake mahali pa ule wa kwao?

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba Bibi Titi Mohamed hakuletwa katika siasa na elimu, ajira wala cheo cha ukoo. Aliletwa na chama cha kuzikana na kutunzana, na alikuja pamoja nacho. TANU ilipata nguvu kwa sababu ilikutana na wanawake waliokwisha kujipanga. Baada ya uhuru, kuwaunganisha wanawake hao chini ya jumuiya moja kuliwapa sauti ya kitaifa na papo hapo kukapunguza uwezo wao wa kumwajibisha anayesema kwa niaba yao.

Matokeo ya hoja hii kwa utafiti ni ya moja kwa moja. Anayetaka kuandika historia ya siasa ya wanawake wa pwani hawezi kuishia katika kumbukumbu za vikao vya chama na majarida ya Bunge. Daftari za upatu, sare za ngoma, orodha za michango ya misiba na masimulizi ya makungwi ni nyaraka za kisiasa, hata kama hazikuandikwa kwa nia hiyo. Kwa upande wa sera, kipimo cha ushiriki wa wanawake wa Msimbati katika mambo ya bahari na gesi kisiwe tu ni wangapi waliokaa katika halmashauri. Kiwe pia ni nani waliowatuma, na kama baada ya kikao wanarudi kwao kutoa hesabu.